UZI: Nilihangaika wiki 7 na maneno ya utafutaji, kumbe seva yangu mwenyewe ndo ilikuwa inaiambia Google isiniweke

#1 FundiWaya (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Uzi mrefu kidogo huu, mwenye haraka apite tu atarudi baadae.

Nina saiti ya makala za kurekebisha vifaa vya umeme, kurasa kama 340 hivi, miaka minne naandika mwenyewe usiku. Sio saiti kubwa ila ilikuwa inaenda, siku ya kawaida naingiza watu kama 900 kutoka Google peke yake. Mwaka jana nikahama seva. Ile ya zamani ilikuwa inazima zima ovyo, nikampata kijana mmoja fundi mzuri tu (na mpaka leo namuita mzuri), akanihamishia kila kitu siku moja, saiti ikawa nyepesi, nikamlipa, tukaagana.

Wiki ya kwanza hamna shida. Ya pili grafu ikaanza kuinama. Ya tatu nafungua Search Console (chombo cha Google kinachomuonyesha mwenye saiti hali yake) asubuhi nakuta kliki 38. Thelathini na nane jamani. Nikajua basi, ndo zile sasisho za Google watu wanazozililia kila siku, na mimi zamu yangu imefika.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nikabadilisha vichwa vya kurasa 60. Nikaandika makala mpya 20, zingine hata mwenyewe sizipendi. Nikanunua linki (tutalifikia hilo, msinitukane mapema). Nikafuta makala fupifupi nikiamini ndo zinanivuta chini. Wiki saba zote hizo grafu imelala tu kama imechorwa na rula.

Siku moja namlalamikia rafiki yangu anayeshinda kwenye maseva, akaniuliza, ukurasa wako upo kwenye indeksi (ile orodha ya kurasa ambazo Google inazihifadhi ili izionyeshe)? Nikamwambia upo, nimefungua kodi ya ukurasa nimetafuta neno noindex (amri ya usiniweke) halipo, robots.txt (faili linalozitajia roboti za utafutaji wapi zisiingie) safi, sitimapu (orodha ya anwani za kurasa) imekubaliwa. Akasema sijakuuliza hayo, nimeuliza upo au haupo. Nikaingia Search Console, kile kisanduku cha juu kabisa cha kukagua anwani, nikabandika makala yangu iliyokuwa inaongoza. Haujaindeksiwa, umezuiwa na noindex. Na hapo chini kwa maandishi madogo inasema imeikuta kwenye heda ya X-Robots-Tag.

Kwenye heda! Mimi natafuta ndani ya ukurasa, kumbe amri inatoka na seva kabla hata ukurasa haujaanza. Akaniambia andika hii kwenye terminali:

`curl -I https://anwani-ya-makala`

Ikatema mistari kama 10, mmoja wapo huu:

`x-robots-tag: noindex, nofollow`

Kilichotokea ni kwamba kijana alijenga kwanza saiti ya majaribio akaifungia isionekane Google, jambo sahihi kabisa, alafu siku ya kuhama akanakili faili la mipangilio la Nginx (programu ya seva) zimazima kwenda kwenye seva ya kweli. Mstari mmoja wa add_header ukasafiri na mzigo. Mgeni anaona saiti nzuri, mimi naona saiti nzuri, roboti ya Google tu (programu inayopita kusoma kurasa) ndo inasoma "usiniweke" na inatii.

Nikafuta mstari, nikaipakia upya Nginx, nikaomba kurasa kubwa kumi zikaguliwe tena. Tatu zikarudi ndani ya siku mbili, zingine zikawa zinarudi kwa mafungu, mpaka mwezi wa pili tangu hapo ndo nikakaribia nilipokuwa. Na zile nilizozifuta nikazirudisha moja moja kutoka kwenye nakala ya akiba huku najisonya mwenyewe.

Kwaiyo ninachotaka kukisema hapa, kabla ukurasa haujaanza kugombania nafasi kuna milango mitatu: roboti iweze kuufikia, iweze kuusoma, ikubali kuuweka kwenye indeksi. Mambo ya nafasi ya kwanza au ya hamsini yanakuja baada ya hapo. Wengi wetu tunaanzia mwisho kwa sababu huko ndo kuna kelele na huko ndo kuna watu wanauza vitu. Mwenye saiti inayomsumbua aweke dalili zake hapa tuone imekwama mlango gani.

#2 mshumaa_wa_usiku

Nimevuta kigoda. Hiyo 38 imeniuma kama yangu.

#3 Kinanda77

Mkuu swali la kizembe. Mimi kuna kurasa za wanachama sizitaki kabisa Google, nimeweka Disallow kwenye robots.txt tangu mwaka juzi na bado zinatokea, tena zinatokea kichwa kitupu bila maelezo chini. Nikaongeza na noindex ndani ya kila ukurasa. Bado zipo. Hii roboti haisikii au?

#4 FundiWaya

@Kinanda77 inasikia sana mkuu, na hapo ndo penye tatizo. Disallow maana yake usiingie, haina maana usinitaje. Google ikikuta linki ya ukurasa wako mahali pengine inajua upo, ila haijui ndani kuna nini kwa sababu umeikataza kuingia, inauweka hivyohivyo kichwa kitupu. Alafu wewe ukaenda kubandika noindex ndani ya chumba huku mlango umeufunga kwa nje. Atasoma nani?

Toa Disallow, iache iingie isome noindex, zitaondoka. Zikishaondoka zote ndo ufunge tena kama bado una sababu. Na kama ni za siri kweli weka nywila, maana robots.txt anaifungua mtu yeyote duniani, ukiandika humo `Disallow: /siri-za-wanachama/` umemchorea mwizi ramani.

#5 mzee_wa_logi

Nyongeza. Hii robots.txt ni utaratibu wa zamani, Martijn Koster ndo aliupendekeza 1994 na miaka yote hiyo ilikuwa makubaliano ya kiungwana tu, mpaka 2022 ndo ikaandikwa kama kiwango rasmi, RFC 9309. Kuna kipindi watu walikuwa wanaandika noindex humohumo ndani ya robots.txt na Google inaitii kimyakimya, ikakomeshwa tarehe 1 Septemba 2019. Makala yoyote inayokufundisha hivyo jua ni kiporo.

Alafu FundiWaya kuna kitu umekiruka kwenye mlango wako wa kwanza. Hilo faili likitoa 404 (halipo) Google inaona ruksa kote, sawa. Ila likitoa kosa la 500 (seva imekwama) mwanzoni inaona kama saiti nzima imefungwa, inaacha kuingia. Nimewahi kuitwa kwenye saiti ya watu inakauka siku hadi siku, inafunguka vizuri tu, picha zipo, kila kitu kipo. Nikaandika /robots.txt mbele ya domeni ikaja kurasa nyeupe na 500. Plagini iliyokuwa inalitengeneza hilo faili ilikuwa imekufa tangu walipopandisha toleo la PHP. Ofisi nzima hakuna aliyewahi kulifungua, maana nani anafungua robots.txt bila sababu.

#6 FundiWaya

Hiyo ya 500 sikuijua mzee. Naenda kuangalia yangu saa hii hii.

(nimeangalia, 200 yaani sawa, nimepumua)

#7 Linki_Fasta

Wakuu mnajichosha na maheda, SEO (kuipandisha saiti Google) ni linki. Nina kifurushi cha linki 5000 kutoka domeni zenye nguvu, matokeo wiki mbili. Njoo inbox.

#8 FundiWaya

Nilijua utafika tu. Mimi nilinunua 300 kutoka kwa mwenzako wakati ule wa kiwewe. Nikakaa siku moja nikazifungua kuziona. Moja ilikuwa kwenye ukurasa wenye mistari kama 200, kamari, dawa za kupunguza unene, kamari, mikopo ya haraka, alafu katikati pale mimi na "jinsi ya kubadilisha waya wa pasi", alafu kamari tena. Nani timamu atakuja kubonyeza hapo? Na saiti yenyewe kumbe imedukuliwa, mwenyewe hajui kama anauza linki.

#9 mzee_wa_logi

Penguin, sasisho la Google dhidi ya linki za ovyo, ilitoka Aprili 2012 ikawazika watu wa vifurushi wazima wazima. Toleo la 2016 likabadilisha mtindo, linki za ovyo mara nyingi zinapuuzwa tu badala ya kuiangusha saiti yote. Kwaiyo siku hizi ukinunua hela yako inaenda na hamna kinachotokea, na huko kutotokea kitu ndo kunawafanya watu wanunue zaidi wakidhani hazijatosha. Ukiwa na bahati mbaya mkaguzi akakushika unapewa adhabu ya mkono, hiyo utaiona imeandikwa kabisa Search Console. Kama huna hiyo taarifa usijisumbue na kile chombo cha kukana linki (kuiambia Google isizihesabu), nimeona mtu amekana hadi linki zake nzuri kwa woga.

Linki ya kweli inatoka kwa mtu aliyekusoma akaona wenzake wakusome pia.

#10 Zuhura_Kodi

Kaka FundiWaya shikamoo ya uzi. Mimi nina saiti ya mafunzo ya kodi nimeijenga mwenyewe kwa React (maktaba ya JavaScript), masomo 40 pamoja na ukurasa wa mwanzo jumla 41. Miezi mitatu Google imeweka ukurasa wa mwanzo tu. Masomo hayapo hata kwenye orodha ya vilivyogunduliwa. Nimekagua heda safi, robots safi na sio 500 😅. Nimechoka.

#11 mzee_wa_logi

Dada Zuhura, menyu ya masomo umeiandikaje? Bandika mstari mmoja tu.

#12 Zuhura_Kodi

`<span onclick="nenda(12)">Somo la 12</span>`

na ukibonyeza anwani juu inakuwa `/#/somo/12`

#13 mzee_wa_logi

Basi mgonjwa ana maradhi mawili, tuanze na la kwanza.

Roboti ya Google haibonyezi. Haina kidole. Inasoma kodi inatafuta `<a href="...">`, ikikuta inachukua anwani inaiweka foleni. Hiyo span yako kwa macho ni linki, kwa roboti ni neno tu lililoandikwa "Somo la 12", halina tofauti na aya. Kwaiyo haijui kama kuna somo la 12.

La pili hiyo alama ya #. Kinachokuja baada yake kwa Google ni sehemu ya ndani ya ukurasa uleule, kwaiyo masomo yako 40 kwake ni anwani moja. Hata ukipeleka sitimapu yenye anwani hizo itaona ukurasa wa mwanzo mara 40. Badilisha njia ziwe za kawaida, `/somo/12`, maktaba ya njia za React karibu zote zinaruhusu.

Ukimaliza hayo fungua kodi mbichi ya ukurasa, sio ile ya kukagua elementi, ile mbichi inayotoka seva. Nakuhakikishia utakuta `<div id="root"></div>` na hamna kingine. Google inaweza kuendesha JavaScript, tangu 2019 inatumia Chrome ya kisasa kabisa, ila inachukua kwanza kodi mbichi alafu ukurasa unaingia foleni ya pili ya kuchorwa. Faili moja la script likikwama au likizuiwa kwenye robots.txt inachora ukurasa mweupe. Na roboti nyingi zingine, hasa hizi za AI zinazopita siku hizi, haziendeshi script kabisa. Masomo ni maandishi, hayabadiliki kila dakika, yatengeneze kuwa HTML kamili wakati wa kujenga saiti, utalala usingizi.

#14 Zuhura_Kodi

Nimeangalia. Ni div root kweli. Div root na kichwa kile cha kiwandani "React App" kwenye kurasa zote 😭

#15 mshumaa_wa_usiku

"React App" 🤣🤣 pole dada yangu, tafuta hilo neno Google uone ndugu zako walivyo wengi

#16 swali_tu

Mimi yangu ni kinyume. Nina duka la mtandaoni, bidhaa kama 800, Search Console inaniambia kurasa 61,000 zimegunduliwa ila hazijaindeksiwa. Hizo 61,000 sijaziandika mimi jamani zimetoka wapi?? Na bidhaa mpya nikiweka zinachukua mwezi kuonekana.

#17 FundiWaya

@swali_tu una vichujio pembeni? Rangi, saizi, bei, panga kwa mpya?

#18 swali_tu

Ndio, vyote hivyo.

#19 FundiWaya

Ndo hapo. Kila mteja anapobonyeza rangi nyekundu anwani inaongezeka ?rangi=nyekundu, akibonyeza saizi inaongezeka &saizi=42, akipanga kwa bei inaongezeka tena, na kila mchanganyiko kwa roboti ni ukurasa mpya. Piga hesabu rangi 8 mara saizi 10 mara aina 4 za kupanga, ukurasa mmoja wa viatu unazaa 320. Roboti imekaa inahesabu viatu vyekundu vya 42 vilivyopangwa kwa bei, bidhaa yako mpya inasubiri mlangoni.

Mimi ningefunga mchanganyiko wa vichujio kwenye robots.txt (hapa ndo Disallow ina kazi yake halali, unazuia kuingia), nikaacha wazi vichache ambavyo watu kweli wanavitafuta, mfano "viatu vyeusi vya kike", hivyo nikavipa ukurasa wa kudumu wenye anwani yake na maneno yake.

Tofautisha pia zile hali mbili kwenye ripoti maana watu wanazichanganya sana. "Imegunduliwa haijaindeksiwa" ni kwamba inajua anwani ila haijaenda. "Imetembelewa haijaindeksiwa" ni kwamba ilienda, ikasoma, ikaona haina haja. Ya kwanza mara nyingi ni wingi wa takataka au seva nzito, ya pili ni mwandishi ujitazame, labda maelezo ya bidhaa umenakili kwa mtengenezaji na maduka mengine 50 yamenakili hapohapo.

#20 Kinanda77

Kwani si anaweka tu tagi ya canonical kila kichujio kielekee kwenye ukurasa mkuu, yameisha?

#21 mzee_wa_logi

Canonical ni ombi mkuu. Google, Yahoo na Microsoft waliileta pamoja Februari 2009 na tangu siku hiyo ni ushauri, Google inaweza kuukataa ikiona ishara zingine zinapingana nayo. Unaweka canonical ya https, linki za ndani zote zinaenda http, sitimapu ina www, sasa ikuamini wapi? Tena ili isome canonical lazima iingie kwanza kwenye kila anwani kati ya hizo 61,000, kwaiyo foleni iko palepale.

Na wote mlioko hapa jaribuni hii, andikeni domeni zenu kwa namna nne: http bila www, http na www, https bila www, https na www. Tatu zinatakiwa ziruke kwa 301 (elekezo la kudumu) kwenda kwenye moja, kwa mruko mmoja. Nina hakika kuna mtu hapa zinafunguka zote nne.

#22 mshumaa_wa_usiku

…zinafunguka zote nne. Naondoka kimya.

#23 mchambuzi_huru

Samahanini lakini naona mnapanga viti kwenye basi lililokwisha ondoka. AI inajibu watu hukohuko juu, nani anabonyeza tena? SEO imekufa.

#24 FundiWaya

Imekufa mara ngapi sasa? Ila una hoja nusu, sikukatalii. Tangu majibu ya AI yaanze kutokea juu ya matokeo (Marekani ni Mei 2024, kwingine baadae) kuna maswali mepesi nimepoteza kliki. "Voltage ni nini" hakuna anayekuja tena, nimekubali nimeacha. Ila hilo unalisoma kwenye grafu: maonyesho (mara unazotokea kwenye matokeo) yako palepale, nafasi palepale, kliki zimeshuka. Maonyesho yenyewe yakianguka hadi sifuri, mlaumu mwingine. Na hayo majibu yenyewe yanataja kurasa zilizoko kwenye indeksi, kwaiyo mlango ni uleule bwana.

#25 mzee_wa_logi

Umbo la mteremko lina mengi ya kusema. Ukiona umeanguka kama ngazi ndani ya siku chache, fikiria kwanza hitilafu: noindex, seva, robots, ridairekti, udukuzi. Ukiona unateleza polepole miezi mitano, hiyo ni ushindani au makala zimezeeka. Ukiona umeshuka ghafla tarehe ileile lilipotoka sasisho kuu, na kurasa zote ziko kwenye indeksi ila nafasi imeenda kutoka 3 hadi 19, hapo hamna skrubu ya kukaza, ni Google imepima upya nani anajibu vizuri. Hiyo ndo ngumu na haina mkato, na ndo mimi sichukui kazi yake kwa kuahidi tarehe.

#26 Kasi_Mia

Tuongelee kasi sasa. PageSpeed (kipimo cha kasi cha Google) ya simu inanipa 54. Nimetumia mwezi mzima nimefika 71. Nafasi hazijasogea hata moja. Nisaidieni nifike 100.

#27 FundiWaya

Mkuu hiyo namba ya mviringo mkubwa wa rangi ni ya maabara, kompyuta yao inajifanya simu dhaifu kwenye mtandao dhaifu. Google haipangi matokeo kwa hiyo. Angalia juu yake, ile sehemu ya watumiaji halisi, siku 28 zilizopita. Vitu vitatu: LCP, kitu kikubwa kabisa kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5. INP, ukibonyeza ukurasa uitike ndani ya milisekunde 200, hii ilichukua nafasi ya kipimo cha zamani FID Machi 2024. CLS, vitu visirukeruke, isizidi 0.1. Na inatakiwa asilimia 75 ya ziara wapate hivyo. Ukishapita mistari hiyo, kutoka 71 kwenda 100 ni kwa ajili ya roho yako tu.

Kasi ni kitu kidogo kwenye kupangwa, ila kwa msomaji ni kikubwa. Zako ni ngapi?

#28 Kasi_Mia

INP 140, CLS 0.03, LCP 4.6

#29 FundiWaya

LCP peke yake. Ile picha kubwa ya juu, angalia kwenye kodi kama ina `loading="lazy"`.

#30 Kasi_Mia

Inayo. Plagini ya kasi imeweka kwenye picha zote.

#31 FundiWaya

😄 Plagini ya kasi. Lazy maana yake "usinipakue mpaka mtu akaribie kunifikia". Ni nzuri kwa picha za chini. Ya juu kabisa mtu kashaifikia, iondoe hapo, weka `fetchpriority="high"`, alafu angalia uzito wake.

#32 Kasi_Mia

Uzito MB 3.8, upana piseli 5200 😶

#33 mshumaa_wa_usiku

Hiyo ni ya kuchapisha bango la barabarani mkuu

#34 Bora_Kimya

Mimi msomaji tu wa kimya ila niweke langu maana halijatajwa. Saiti yangu ilikuwa inapoteza kurasa kidogokidogo, heda safi, robots safi, kila kitu safi nikifungua mimi. Nilipokagua kwa Search Console jaribio la moja kwa moja likawa linatoa 403 (umekatazwa). Kumbe ulinzi wa seva niliouwasha baada ya kushambuliwa ulikuwa unazuia mtu yeyote anayefungua kurasa nyingi haraka, na anayefungua kurasa nyingi haraka kuliko wote ni Googlebot, roboti yenyewe ya Google. Nilikuwa nimemfungia mgeni niliyemualika.

Angalizo, msiende mkaruhusu kila anayejiita Googlebot maana hilo jina anaweza kuliandika yeyote. Unachukua IP kwenye logi unaiuliza DNS (daftari la majina ya mtandao) kinyumenyume, jina likiisha na googlebot.com au google.com unaliuliza tena mbele, likirudisha IP ileile ndo mwenyewe. Kwenye logi yangu nusu ya "Googlebot" walikuwa matapeli.

#35 mzee_wa_logi

Bora_Kimya wewe usikae kimya tena.

#36 Kinanda77

Swali la mwisho kabla sijalala. Nabadilisha domeni mwezi ujao. Zile kurasa za zamani nizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo mpya?

#37 FundiWaya

Hapana hapana. Kila ukurasa wa zamani uende kwa mwenzake mpya, mmoja kwa mmoja, 301. Ukizitupa zote mwanzo Google inazihesabu kama hazipo, na msomaji aliyetafuta waya wa pasi anatua kwenye "karibu". Usioutaka tena na hauna mwenzake uache utoe 404, 404 sio dhambi. Ridairekti ziache mwaka mzima angalau, mimi ningeziacha milele, hazili chochote. Na domeni ya zamani endelea kuilipia! Ukiiacha ataichukua mtu wa kamari.

Na kwenye sitimapu mpya ukiona sehemu ya priority (umuhimu wa ukurasa) usikae unapanga 0.8 na 0.9, Google haisomi hiyo, nilipoteza jioni nzima. Lastmod (tarehe ukurasa ulipobadilishwa) inaisoma, ila kama ni ya kweli, ukibadilisha tarehe kila siku bila kugusa makala itaacha kukuamini.

#38 Kinanda77

Nimekupata mkuu. Na usiku wa kuhama nitaandika ile curl -I yako kabla ya kitu chochote.

#39 Zuhura_Kodi

Wakuu nimerudi baada ya siku 19. Nimebadilisha span zote kuwa a href, nimetoa #, masomo sasa yanatoka HTML kamili kutoka seva, vichwa vyote 41 tofauti. Mzee wa logi nilikutana na kitu kingine nikiwa katikati, nikiandika somo lisilokuwepo kama /somo/999 ilikuwa inasema "halipo" ila seva inatoa 200, nimerekebisha inatoa 404 ya kweli.

Jana jioni zilikuwa 3. Leo asubuhi 17. Somo la 12 limo, nafasi ya 34 😂

#40 mzee_wa_logi

34 ni nafasi dada. Sasa ndo tuanze kuongelea vichwa vya habari. Bandika cha somo la 12.